Kiwanja cha Ipuli kiuzwe ili niende umisheni?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi kijana wa kwaya hapa Tabora, kazi yangu fundi simu. Tangu semina ya umisheni moyo wangu unawaka, nataka kwenda nje, ikiwezekana Asia, na kiwanja changu cha Ipuli kishapata mteja. Sasa mchungaji kaniambia nianze na wanachuo wa Burundi na Kongo waliopanga mtaani kwetu. Naona kama ananipoza tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mteja mwambie asubiri kwanza, kiwanja hakiozi.

Mchungaji wako hakupozi. Soma Matendo 13, Barnaba na Sauli hawakuamka tu asubuhi wakapanda meli, kanisa la Antiokia lilifunga likaomba likawawekea mikono ndo wakaondoka. Hapo Urambo tu, daktari Southon wa misheni ya London alifika 1879 enzi za mtemi Mirambo na 1882 akafariki hukohuko, misheni ikaendelea kwa shida mpaka 1898 wakaikabidhi kwa Wamoravian. Sasa wewe na hela ya kiwanja kimoja, ikiisha mwezi wa nane uko ugenini na lugha hujui, utampigia nani?

Alafu kuna kitu umekitaja kwenye barua ukakipita tu ila mi nimekiona, ufundi simu. Nchi nyingi za huko Asia hazitoi viza ya mmisionari kabisa, wanaokaa huko wamekwenda kwa kazi zao, mwalimu, nesi, fundi. Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho. Kwa hiyo ufundi usiuache, ongeza ujuzi, uwe na cheti kabisa.

Tuje kwa wanachuo. Kwanza ujue wengi wa hao Warundi na Wakongo wameokoka kabla yako (wengine wanatushinda kuomba usiku, mi nawasikia), kwa hiyo usiende na vipeperushi kama unaenda kwa wapagani. Wanachokosa ni watu. Ibada ikiisha tunashikana mikono pale mlangoni, Mungu akubariki Mungu akubariki, kila mtu anapanda bodaboda kwenda kwao kula, na yule binti wa Burundi anarudi getoni kuchemsha wali mkavu. Likizo ndo balaa, wenzake wanaenda Nzega na Igunga, yeye nauli ya mpaka Bujumbura hana, anabaki na mlinzi. Mwambie mama yako aongeze sahani, binti aje na mwenzake, na wewe usijifanye mwenyeji wa kila siku hapo getoni kwake, unanielewa.

Kuna na mambo ya kibali. Mwanafunzi mgeni anatakiwa awe na kibali cha ukaazi, daraja C, na wamisionari wanaokuja kwetu wapo daraja hilohilo, si unaona. Wengi wanahangaika na fomu peke yao, msindikize tu uhamiaji, utajifunza mwenyewe maisha ya mtu mwenye kibali kabla hujaenda kuishi hivyo kwa watu. Na Kifaransa chao waombe wakufundishe, wakufundishe wao, ndo utajua kama una subira ya kuchekwa.

Ila msaada usiwe na masharti. Ukimpeleka mtu uhamiaji alafu Jumapili unamuuliza mbona hujaja kwaya, hapo umemnunua.

Fanya hivyo mwaka mzima, kisha rudi kwa mchungaji na wazee, uwaulize kama kanisa liko tayari kukutuma na kukutunza. Wakisema ndio tutaongea tena habari za kiwanja.

SWALI: Mama, sisi wa Kigoma mjini, fellowship yetu imemwalika chakula mwanachuo mwenzetu kutoka Komoro, ni Muislamu. Tuombee chakula mbele yake au tukaushe? Na kuku tumeshanunua.

JIBU: Ombeni kama mnavyoomba siku zote, kwa ufupi, msigeuze mkesha. Akitaka kuuliza imani yenu atauliza, na nyie muulizeni yake mmsikilize mpaka amalize. Kuku mpelekeeni jirani Muislamu achinje, sufuria isiwe ile ya kitimoto. Mkiona usumbufu shukeni Kibirizi mchukue migebuka, samaki hana mambo mengi.