Maswali na Majibu: Dawa za Presha, Ipi Inakufaa?

*Natumia amlodipini. Jirani yangu anatumia losartani na anasema yake ndiyo bora kwa sababu ina bei kubwa. Je, nibadilishe? (Msomaji, Uyole)*

Usibadilishe kwa sababu hiyo. Dawa hizi mbili hushusha shinikizo la damu kwa kiwango kinachokaribiana, ila kila moja ina njia yake: amlodipini hulegeza misuli ya kuta za mishipa ya damu, ilhali losartani huzuia kazi ya angiotensini, homoni inayoibana mishipa hiyo. Mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimeanza kupitisha protini kwenye mkojo mara nyingi huandikiwa losartani au dawa inayofanana nayo, kwa kuwa huzilinda figo, na huenda jirani yako yumo katika kundi hilo.

*Tangu nianze amlodipini miguu yangu huvimba jioni. Je, figo zimeharibika? (Msomaji, Mafinga)*

Uvimbe wa vifundo vya miguu ni athari inayofahamika ya amlodipini, hasa kwa anayemeza miligramu 10 kwa siku, na peke yake hauthibitishi ugonjwa wa figo. Jioni vua soksi, bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, na kishimo kikibaki, mweleze daktari, ambaye anaweza kukupunguzia hadi miligramu 5 au kukuongezea dawa nyingine. Lakini ukivimba uso, au ukakosa pumzi unapolala chali, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Kidonge cha kukojoza huniamsha usiku mara nne, na baridi ya huku mnaijua. (Msomaji, Makete)*

Kidonge cha kukojoza cha presha, kama haidroklorothiazidi, humezwa asubuhi. Muulize aliyekuandikia kama unaweza kuhamisha saa.

*Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, na enalaprili inanikohoza kikohozi kikavu. Nihamie losartani? (Msomaji, Tukuyu)*

Marahaba. Kikohozi hicho ni kero ya kawaida ya enalaprili, na losartani huileta mara chache sana. Hata hivyo, kikohozi kikifika wiki mbili, pima kwanza kifua kikuu, kwa maana si vyema kukitwika kidonge lawama yote. Jambo linalonigusa zaidi ni umri wako: enalaprili na losartani zote mbili hudhuru figo za mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mweleze daktari waziwazi kama unatarajia kupata ujauzito, ili akupatie dawa zinazotumika kwa wajawazito, kama methildopa au nifedipini inayofanya kazi polepole. Ukikosa siku zako ukiwa unatumia enalaprili au losartani, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.