Orodha ya malengo kumi na moja iliyofia kwenye mlango wa friji

Mkuu mleta mada, nimesoma bandiko lako mara mbili. Familia ya watu watano, vyumba viwili vya kupanga, na malengo kumi na mawili ya mwaka mpya: sola ya mkopo, bustani, kuachana na mkaa, kuachana na plastiki, nepi za kitambaa, kupunguza makorokoro ndani, na mengineyo. Unauliza waliowahi kujaribu walianzia wapi. Mimi nilijaribu. Niliandika kumi na moja, nikayabandika kwenye friji tarehe mosi Januari. Katikati ya Februari karatasi ile ilikuwa imeshafunikwa na ratiba ya mtoto ya shule, na hakuna aliyeiulizia.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchagua Januari. Mwezi huo kwetu una siku sitini: ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba, na madeni ya sikukuu yanabisha hodi. Huwezi kununua jiko jipya mwezi ambao nauli yenyewe unakopa. Mwaka uliofuata tulianza Machi, siku mkaa ulipoisha stoo, na hatukuandika popote.

Kosa la pili ndilo lililotumaliza. Malengo tuliyapanga mimi na mama watoto, sebuleni, tumeshiba pilau. Dada anayetusaidia kazi alikuwa jikoni anaosha vyombo. Sasa angalia: ni yeye anayewasha jiko saa kumi na moja alfajiri, ni yeye anayekwenda gengeni, ni yeye anayejua maharage yanachukua muda gani kuiva. Hatukumuuliza neno. Nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la plate mbili, nikajiona nimeokoa misitu ya Tanzania.

Mwezi ukaisha, mtungi bado mzito. Nikafurahi mno, nikawaambia hadi wenzangu kazini kwamba gesi inakaa. Kumbe nikishatoka tu, jiko la mkaa linarudi uani na maisha yanaendelea kama zamani. Siku nilipogundua nilifoka, nikidhani ni ubishi. Mama watoto ndiye aliyekaa na dada wakaongea taratibu, yakatoka mambo mawili. Kijijini kwao alishaona nyumba imeungua kwa sababu ya mtungi. La pili alinijibu mwenyewe: "Baba, nikibandika maharage kwenye gesi, si utasema nimeimaliza?"

Kwa kweli nilikuwa nimeshawahi kusema hivyo.

Kwa hiyo tukaanza upya, na lengo likawa moja tu: mkaa. Jambo la kwanza lilikuwa hofu. Tulichukua povu la sabuni tukapaka kwenye maungio ya mpira na kichwa cha mtungi, akaona mwenyewe kwamba hakuna kipovu kinachovimba, maana kingevimba ndiyo dalili ya kuvuja. Nikamweleza kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni. Ukisikia harufu, usiguse kiberiti wala swichi ya taa. Fungua mlango na madirisha, funga mtungi, toka nje. Mtungi tukausogeza karibu na mlango. Leo yeye ndiye mwalimu wa majirani.

Jambo la pili ni maharage, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nyumba nyingi zinarudi kwenye mkaa kwa ajili ya maharage na makande, si kwa ajili ya chai. Kwanza, loweka usiku, umwage yale maji asubuhi. Hiyo peke yake inapunguza muda wa kupika sana na haina gharama. Pili, tulidunduliza tukanunua jiko la umeme la presha. Sikutaka kuamini maneno ya muuzaji, nikasoma mita kabla na baada ya kupika: kilo moja ya maharage yaliyolowekwa ilikula karibu nusu uniti. Kwa bei tunayonunulia sisi, elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo sufuria nzima haifiki shilingi 200. Kwenye mkaa, maharage hayo yalikuwa yanamaliza kopo.

Lakini wewe umesema mko wapangaji wanne kwenye mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hapo usithubutu kuleta jiko la umeme kabla hamjakaa kikao, hata kama linakula kidogo. Kila umeme ukiisha mapema utakuwa ni wewe na jiko lako. Baki kwenye kuloweka, na tafuta sufuria ya presha ya kawaida utumie kwenye gesi.

Kuna watu watakuja hapa kusema mkaa wa familia moja ni kitu gani. Kwenye matanuri ya kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni. Nilipoijua hesabu hiyo, gunia nililokuwa naliona stoo halikuwa tena gunia moja. Na serikali nayo, kwenye mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo huko tunakwenda tu. Jiko letu la mkaa hata hivyo hatukulitupa. Ndizi za kuchoma Jumamosi bado ni zake, na sitaki maneno kwa hilo.

Kati ya yale mengine, nitapitia machache haraka.

Bustani: viroba vya mchele vilivyoisha, udongo, matundu chini, mchicha. Wiki nne unachuma. Matembele ni rahisi zaidi, unachomeka tu vipande vya shina. Sisi kazi hii tulimpa mtoto wa kati na tukakubali kumlipa mia tano kila akituletea fungu la kutosha mboga. Mama yake anasema ni rushwa. Ndiyo bustani pekee mtaani kwetu ambayo haijawahi kukosa maji.

Mboji ilitutia aibu. Tulichimba shimo tukatupa kila kitu, hadi ugali uliolala na vichwa vya dagaa. Panya walikuja na koo zao. Sasa yanaingia maganda na majani tu, kila tabaka tunafunika kwa majani makavu, na makombo yanakwenda kwa kuku wa jirani, ambaye naye hutukumbuka kwa mayai.

Plastiki: mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini angalia debe lako la taka uone vifungashio na chupa vilivyojaa. Sisi kilichosaidia ni kikapu cha ukili kuning'inia kwenye msumari wa mlangoni, kwa sababu kikikaa stoo kinasahaulika kila siku. Na shughuli za nyumbani tunakodi sahani, hatununui za kutupa.

Nepi za kitambaa: mama mkwe alicheka, na alikuwa sahihi. Masika hakuna kinachokauka, na maji ya bomba yanatutembelea mara mbili kwa wiki. Tukakubaliana za kitambaa mchana mtoto akiwa nyumbani, za kununua usiku na safarini. Kama maji kwako ni ya dumu, liruke hili bila kujilaumu.

Sola ya mkopo, mkuu, hapana. Uko kwenye nyumba ya mtu. Mwenye nyumba akikupa notisi, utashusha paneli kutoka juu ya bati lake huku deni linaendelea. Badilisha taa za zamani uweke za LED, hiyo inakutosha kwa sasa.

Makorokoro: tuligawa nguo mara moja, zikajaa tena. Sina ushauri.

Sasa nirudi kwako. Umeandika kwamba mtungi mdogo wa kilo 6 mnao lakini "umelala stoo", na kwamba shemeji ndiye anayepika kabla ya kwenda sokoni. Kabla hujagusa hayo mengine kumi na moja, muulize kwa nini umelala. Usimuulize ukiwa sebuleni. Nenda jikoni asubuhi akiwa anawasha moto, ushike hata upepeo. Kisha rudi hapa utuambie amejibu nini, tuone pa kuanzia.