Kupokea michezo ya HTML kutoka kwa watumiaji: anza na domeini, iframe baadaye

Mkuu, umesema walimu wanapakia zipu yenye index.html na JavaScript, mfumo unaifungua kwenye /uploads, kisha mwanafunzi anaiona ndani ya iframe (fremu inayoonyesha ukurasa ndani ya ukurasa mwingine). Shida iko kwenye domeini. Skripti inayotoka domeini moja na mfumo wako inausoma ukurasa wote wa aliyeingia, na inatuma maombi kwa seva kwa jina lake. HttpOnly (alama ya kuizuia JavaScript kusoma kuki ya login) inaficha kuki tu, maombi hayo haiyazuii.

Nunua domeini ya pili, isiyo na login yoyote. Subdomeini ya ile ya kwanza haitoshi kwa sababu inaweza kupandikiza kuki kwenye domeini mama. GitHub walihamishia kurasa za watumiaji github.io mwaka 2013 kwa hofu za namna hiyo. Kila kifurushi (zipu ya mchezo mmoja) kipe subdomeini yake huko, la sivyo michezo itachunguliana data.

Kwenye iframe weka sandbox="allow-scripts": kivinjari kinaubana ukurasa, skripti pekee zinaruhusiwa. Kama bado uko domeini moja, usithubutu kuongeza allow-same-origin (ruhusa ya ukurasa kuhesabiwa wa domeini yake halisi): hizo mbili zikikaa pamoja, skripti inaiondoa sandbox yenyewe na kujipakia upya. Seva nayo itume header (maelekezo kwa kivinjari) ya CSP, yaani Content-Security-Policy: sandbox allow-scripts, maana mtu akifungua kiungo cha faili moja kwa moja, iframe yako haipo.

Ukibana hivyo, localStorage (hifadhi ya data ndani ya kivinjari) inatupa SecurityError, na mchezo unaohifadhi alama unaweza kukwama kwenye skrini nyeupe. Fonti na skripti za type="module" nazo zinagoma hadi seva itume Access-Control-Allow-Origin: *. Ukishakuwa na subdomeini kwa kila kifurushi kwenye domeini ya pili, hapo allow-same-origin inaruhusika, ila iandike kote kuwili, kwenye iframe na kwenye CSP.

Ujumbe wa postMessage (njia ya fremu kuongea na ukurasa wako) kutoka kwenye sandbox isiyo na allow-same-origin unakuja na origin (domeini ulikotoka) "null", na fremu yoyote iliyobanwa hivyo inatoa "null" hiyo hiyo. Kwa hiyo linganisha event.source (dirisha lililotuma) na contentWindow (dirisha la ndani) ya iframe yako. Alama zenyewe usizitumie kwa mtihani. Mwanafunzi mwenye konsoli anajipa 100.

Zipu: kataa njia zenye ../ (zinazotoka nje ya folda) na symlink (faili inayoelekeza kwingine), hesabu baiti halisi wakati wa kufungua (ukubwa ulioandikwa ndani unaweza kuwa uongo), na zipu iliyo ndani ya zipu usiiguse. Zipu ya hila iitwayo 42.zip ina kilobaiti 42, ikifunguliwa hadi mwisho inafika petabaiti 4.5. Ruhusu aina za faili kwa orodha, ongeza header ya X-Content-Type-Options: nosniff (kivinjari kisibahatishe aina ya faili), na SVG usiihesabu kama picha ya kawaida: inabeba skripti.