Mgao ukikatwa uza unga, mafuta usiguse

Tangu nirudi Tanga kutoka kwenye kazi ya lishe kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, watu wa Ngamiani wananiuliza eti kambini wanakula nini. Mgao wenyewe ni unga wa mahindi, dengu au maharage, mafuta, chumvi na ule unga wa lishe wa mahindi na soya. Ukikamilika, hesabu ni kama kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, ila haukamiliki, 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, waliushusha mpaka nusu mana hela za wafadhili zilikata.

Kwahiyo nyie mnaoishi kwa mgao au mna ndugu huko, kitu cha kwanza ni kugawa siku ileile mnayotoka foleni. Kuna mama mmoja Mkongo nilikuwa napenda kumwangalia, anatandika kitenge chini, anapima unga kwa kikombe cha bati, anafunga mifuko minne ya wiki nne, na ule wa mwisho anauficha uvunguni hata mumewe asiuone hahaha. Jirani zake wiki ya tatu wameshaanza kukopa, yeye bado anasonga ugali.

Afu hili la kuuza. Hapa vijiweni utasikia wakimbizi wanauza msaada, wana njaa gani hao. Wanauza ndio, kwani sabuni na kuni na nyanya nani kawapa? Mi naona ukiuza unga kidogo ukapata dagaa umefanya la maana. Ila mafuta yaache, yametiwa vitamini A na D, na mtoto tumbo lake dogo halimalizi bakuli, kijiko kimoja cha mafuta kwenye uji ukishaepua kinamsaidia kuliko kumuongezea uji mwepesi. Dengu loweka usiku, kuni zinapungua sana.

Mboga panda kwenye gunia, matembele ukichomeka kipande tu yanashika. Wale Wazigua wa Somalia waliopokelewa kwetu Handeni, Chogo, walipewa na mashamba kabisa na wengi wakaja kupata uraia, lakini Kigoma eneo ni finyu, gunia mlangoni ndo shamba lako. Na nyie wa Tanga mnaoona mboga bila nazi si mboga, kule karanga ya kutwanga inafanya kazi hiyohiyo vizuri tu.

Karanga siisemi kwa utamu peke yake. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3, zaidi ya watu 18,000, ngozi inababuka, tumbo linaharisha, sababu walibaki na mahindi tu na karanga zilikosekana kwenye mgao. Ndo mana tukichangishana msikitini nasema jamani sembe wanayo, nunueni karanga na dagaa.

Mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi, wahudumu wa afya wanao. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, mpeleke kituoni siku hiyohiyo usisubiri miguu ivimbe, na ile karanga ya paketi, chakula dawa cha utapiamlo, atakayopewa ni dozi yake yeye, hata kaka yake akilia usimmegee.