Tairi za XL kwa lami ya Mwanza–Magu

Umeuliza ununue tairi gani za pikipiki yako ya Honda XL. Chukua za lami zaidi, zile za kashata (vile vibonge vya mpira vya tairi) fupi zilizobanana, maana umesema kila siku ni lami na vumbi ni Jumapili tu. Kashata ndefu zinaachana, mpira unaogusa barabara unakuwa kidogo, mvua ikinyesha ukishika breki unasota. Tena zinaisha haraka: langu la nyuma lilikuwa kipara katikati, pembeni kashata bado mpya kabisa, ukilala kwenye kona unahisi pikipiki inadondoka.

Dukani ukiambiwa 80/20, maana yake lami 80, vumbi 20. Ni makadirio ya wauzaji, usiyashike kama sheria.

Saizi soma ubavuni mwa lililopo (mbele nyingi ni rimu 21, nyuma 18). Hapohapo tafuta tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi la zamani hivyo hata liking'aa mwachie mwenye duka.

Ila kwenye tope jeusi la mbuga wakati wa masika hizi za lami zinajaa udongo na kuwa kama chapati. Siku hiyo panda daladala.