Brutus na Yuda: msaliti au haini?

SWALI: Ninaandika insha ya kumlinganisha Brutus, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere aliifasiri kwa jina la Juliasi Kaizari, na Yuda Iskariote wa Injili. Je, wote niwaite wasaliti? Mwenzangu anashikilia kwamba Brutus ni haini.

JIBU: Wote ni wasaliti, ila kitenzi "kusaliti" hakifanyi kazi moja kwao.

Soma Mathayo 26:15 katika Biblia ya Union. Yuda anawauliza wakuu wa makuhani: "Ni nini mtakachonipa, nami nitamsaliti kwenu?" Hilo "kwenu" ndilo la kuzingatia. Kusaliti hapa ni kumtia mtu mikononi mwa wanaomtaka. Yuko anayetoa, anayetolewa na anayepokea. Malipo ni vipande 30 vya fedha, ishara ni busu. Silaha Yuda hakushika.

Brutus hakumkabidhi Kaizari, rafiki yake na mtawala wa Roma, kwa yeyote. Alimchoma yeye mwenyewe. Kwa hiyo "Brutus alimsaliti Kaizari kwa Cassius" ni kosa, maana Cassius, mla njama mwenzake, hakupokea mtu. Andika "alimsaliti Kaizari" ukomee hapo, au "alisaliti urafiki wao".

Anayefanya kazi ya Yuda hasa ni Decius, mla njama mwingine, na insha nyingi humsahau. Katika tendo la 2, onyesho la 2, Kaizari amekwisha kukubali kubaki nyumbani kwa sababu ya ndoto ya mkewe, Calpurnia. Decius anaifasiri ndoto ile upya, iwe ya heri, na Kaizari anatoka kwenda kuuawa. Kabla ya kutoka anawakaribisha wala njama wanywe divai pamoja naye. Hapo ndipo pa kuweka Karamu ya Mwisho, na Zaburi 41:9: "Msiri wangu tena niliyemtumaini, aliyekula chakula changu, ameniinulia kisigino chake." Methali ya kikulacho ki nguoni mwako inawaenea Decius na Yuda sawasawa. Busu nalo usiliache: katika tendo la 3 Brutus anaubusu mkono wa Kaizari, akisema hajipendekezi, muda mfupi kabla ya visu.

Sasa haini. Hili ni neno la dola. Katika sheria za Kenya na Tanzania, kukusudia kumuua Rais ni uhaini, hivyo mwenzako hakukosea kabisa. Lakini Brutus anajitetea kwamba aliipenda Roma zaidi, na watu wanaanza kupiga kelele za uhaini Antony, rafiki wa Kaizari, anapowahutubia. Ukimwita haini kwa kauli yako mwenyewe, umekwisha kutoa hukumu ambayo tamthilia imeiacha wazi. Andika "Antony anawaonyesha umati kwamba Brutus ni haini". Yuda usimwite hivyo. Hakuna dola aliyokusudia kuipindua.

Angalia pia vitenzi vya mwisho wao. Yuda alijuta, akakiri: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia" (Mathayo 27:4), kisha akajinyonga. Brutus alijiangusha juu ya upanga alioshikiwa na mtumishi wake, Strato, wala hakuwahi kukiri kwamba alikosa kumuua Kaizari. "Walijiua" inawafaa wote wawili, "walijuta" haifai. Na Petro, ukimgusa, alimkana Yesu mara tatu. Hakumsaliti.