Swali la msomaji: Mtihani ukitafsiriwa, bado ni uleule?

SWALI: Mhariri habari, hivi hii mitihani ya kimataifa ya kusoma wanayopewa watoto wa nchi tofauti, kila mmoja kwa lugha yake, wanalinganishaje? Si wengine wanapata tafsiri rahisi?

JIBU: Salama ndugu, umegusa penyewe kabisa. Chukua PIRLS, mtihani wa kimataifa wa kusoma, inafanywa na IEA, shirika la kimataifa la utafiti wa elimu, tangu 2001, kila baada ya miaka 5, kwa watoto wa darasa la 4. Kila nchi inatafsiri yenyewe halafu mtaalamu wa nje anapitia neno kwa neno, na kabla ya mtihani wenyewe wanajaribisha kwanza kwa watoto, swali likionekana gumu au rahisi ajabu kwenye lugha moja tu wanalichunguza.

Na ugumu wenyewe uko kwenye vitu vidogo mno. Tuseme hadithi inasema "Juma alinuna", swali linauliza "kwa nini Juma alikasirika?", hapo mtoto lazima aelewe. Sasa mtafsiri akiweka "alinuna" kote kote basi mtoto anatafuta neno tu kwenye hadithi, ananakili sentensi ya jirani, anapata maksi bila kuelewa chochote! Au Kiingereza kinatofautisha mwanamke na mwanaume kwenye kiwakilishi, sisi tuna "yeye" tu, kidokezo cha nani anazungumziwa kimepotea hapohapo.

PISA, mtihani mwingine wa kimataifa, wa vijana wa miaka 15, wanapendekeza watafsiri wawili kila mmoja kivyake, wa tatu anaoanisha tafsiri zao. Mimi naona ndiyo njia nzuri zaidi, maana mtu ni vigumu kuona kosa lake mwenyewe.